Bibi akae kiti gani?

SWALI: Asalaam aleikum, Mwalimu. Ukoo wetu tuko Bombo, hapa Uganda, na kila harusi ikitokea Arua tunakodi teksi ya abiria 14. Usiku wa kuamkia safari ni ugomvi mtupu. Bibi anaumwa goti, ami zangu wawili hawasemezani, na kuna mtoto hutapika asipokaa dirishani. Najua kuandika programu kidogo na nimepata tableti. Nataka mtu achore gari kwa kidole, aseme masharti yake, tableti ipange watu. Nianzie wapi?
Msomaji, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Swali lako limenirudisha nyumbani, maana kazi hiyo niliiona ikifanywa kwa maharage. Marehemu mama alichora viti kwa chaki sakafuni: viwili pembeni mwa dereva, kisha safu nne za vitatu vitatu. Kila mtu alikuwa punje yake. Hakuanza kwa kutaja masharti hata siku moja. Alipanga, akatazama, ndipo akasema, "Aa, huyu hapa hapana," na punje ikahama.

Anzia hapo. Mtu hayajui masharti yake yote mpaka aone mpango asioutaka, kwa hiyo usimpe fomu ya kujaza. Achore visanduku vya viti na duara za watu, tableti impe mpango mara moja hata kama ni mbovu, halafu aurekebishe kwa kidole. Akivuta mstari kati ya duara mbili, wakae pamoja. Akiukata mstari huo, wasikae safu moja, na ami zako wametengana. Utambuzi wa mwandiko uache kwanza. Utakula miezi yako bure.

Wazo la kuchora na kuweka masharti lina umri. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa chuo cha MIT kule Marekani, alitengeneza programu iitwayo Sketchpad. Ulichora kwa kalamu ya mwanga kwenye kioo cha kompyuta, ukaiambia mistari hii iwe sambamba, nayo ikainyoosha yenyewe. Wewe unahamisha jambo hilo kutoka kwenye mistari hadi kwa watu.

Sasa hesabu, na hapa nakuomba uwe makini. Watu 14 kwenye viti 14 wana mipangilio 87,178,291,200. Ukijaribu mmoja mmoja, tableti itachemka na bibi bado amesimama nje. Lakini tazama: mwambie bibi akae mbele tu, inabaki 12,454,041,600. Mzee mwingine naye awe mbele, inabaki 958,003,200. Ndiyo maana programu nzuri humshika kwanza mwenye nafasi chache, humpa kiti, hufuta viti visivyowezekana kwa wengine, na ikikwama hurudi nyuma hatua moja. Huna haja ya kuiandika hiyo mwenyewe. Kuna programu iitwayo MiniZinc, ni ya bure: unaiandikia masharti, yenyewe inatafuta, na inaweza kuendeshwa ndani ya kivinjari. Hakikisha tu kila kitu kinafanya kazi bila intaneti, kwa sababu mipango hubadilika njiani, mtu akishuka Karuma.

Ukoo ukikuletea mzee wa tatu anayetaka kukaa mbele, mipangilio inakuwa sifuri, maana viti vya mbele ni viwili tu. Programu nyingi hapo husema "haiwezekani" na kunyamaza, na mimi hilo linaniuma sana, kwa kuwa linamwacha mtu gizani. Yako iwashe rangi nyekundu kwenye masharti yale matatu tu yanayogongana, mengine yabaki yalivyo, ili familia ijue ni nani wa kuombwa. Tofautisha pia "lazima" na "ingefaa". Goti la bibi ni lazima. Shangazi kupenda kukaa karibu na mlango ingefaa. Na usitoe jibu moja. Toa matatu, wazee wachague, maana kuna mambo ya ndani ya ukoo ambayo hakuna atakayeyachora mbele za watu.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, chora teksi kwenye karatasi, mkalishe shangazi yako, mpe maharage 14. Kila anaposema "hapana", andika neno lake lilivyo. Nitumie daftari hilo nilione.