Aliyegonga kichwa akisema yuko sawa, endeleeni kumwangalia

Katika kazi yangu ya uuguzi kwenye chumba cha dharura, kauli inayonitia hofu kuliko kelele za maumivu ni ile ya "mimi niko sawa, nipelekeni nyumbani", hasa ikitoka kwa mtu aliyeanguka kwenye bodaboda, akazimia kidogo, kisha akazinduka na kuanza kuulizia simu yake. Ndugu humshukuru Mungu na kutaka kuondoka. Ushauri wangu ni kwamba mtu aliyepoteza fahamu, hata kwa dakika moja, apelekwe hospitali na kuchunguzwa kabla ya mtu yeyote kuamua kwamba amepona.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, na ulaini wake unakaribia ule wa maziwa mgando. Chini ya mfupa wa fuvu umefunikwa na tando tatu: wa nje ulio mgumu, wa kati ulio mwembamba, na wa ndani unaoushika ubongo wenyewe. Kati ya utando wa pili na wa tatu mna maji ambamo ubongo huelea. Maji yote yanayozunguka ubongo na ugwe mgongo, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, ni kama mililita 150, na mwili hutengeneza mengine mapya karibu mililita 500 kila siku. Ulinzi huo unatosha kwa mitikisiko ya kutembea, kukimbia na kuruka. Hautoshi kwa kichwa kinachotua kwenye lami.

Tena fuvu halina unene mmoja kila mahali. Kwenye panja mfupa ni mwembamba, na upande wake wa ndani hupita ateri inayolisha utando wa nje. Mfupa ukipasuka hapo, ateri hiyo huweza kuchanika na damu ikajikusanya kati ya mfupa na utando, pengine kwa saa kadhaa, huku majeruhi akiongea na hata kutaniana na watu. Kwa kuwa fuvu halitanuki, damu inayoongezeka huusukuma ubongo hadi shina lake, linalotawala pumzi na fahamu, libanwe. Damu ikitolewa mapema kwa upasuaji, wengi hurudi katika hali nzuri; ikichelewa, mambo huwa mengine kabisa.

Namkumbuka kijana aliyeletwa usiku akikoroma kwa nguvu. Waliomleta walisema amechoka tu, amekuwa akilala hivyo tangu jioni alipoanguka. Nilipommulika machoni, mboni moja ilikuwa imetanuka na haikujali mwanga. Ule haukuwa usingizi. Kwa hiyo, hata daktari akimruhusu mgonjwa kurudi nyumbani, awe na mtu mzima karibu kwa saa 24 za mwanzo, aamshwe mara kwa mara usiku huo na kuulizwa jina lake na mahali alipo. Akitapika tena na tena, akilalamika kwamba kichwa kinazidi kuuma, akichanganyikiwa, akipata degedege, akilegea upande mmoja, au akitokwa na maji mepesi puani au masikioni, arudishwe mara moja. Asipewe aspirini, kwa sababu huzidisha kuvuja kwa damu. Na jamani, harufu ya pombe isiwe sababu ya kusema "amelewa tu": walevi nao huvunjika fuvu.

Wazee wana hatari ya namna nyingine. Babu aliyeteleza bafuni anaweza kuvuja damu polepole, akaanza kusahau na kuyumba wiki kadhaa baadaye, na nyumbani wakasema ni uzee.

Ajali hiyo hiyo huweza kuumiza shingo. Neva zinazoendesha kiwambo, yaani msuli mkuu wa kupumua, hutoka kwenye ugwe mgongo katika eneo la shingo, na ugwe ukikatika hauungiki. Mara nyingi nimeona majeruhi akibebwa kwa makwapa na miguu, kichwa kinaning'inia, kisha akakunjwa ndani ya bajaji. Kama hakuna moto wala magari yanayomjia, mwacheni alale alipo, mmoja ashike kichwa na shingo vibaki sawa na mwili mpaka apatikane ubao na watu wa kutosha wa kumgeuza kwa pamoja.

Kuhusu helmeti, tathmini ya tafiti nyingi ilionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Kofia inayolegea, au ambayo mkanda wake wa kidevuni haukufungwa, hutangulia kuruka kabla kichwa hakijafika chini. Ifungeni, kisha mjaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kuelekea mbele. Ikitoka, si saizi yenu. Kinachopunguza kishindo ni lile povu gumu la ndani, ambalo hubonyea mara moja na halirudi, kwa hiyo kofia iliyokwisha kugonga barabara itupwe hata kama ganda lake bado linang'aa.