Kwa mliofika Marekani juzi: wekundu, bluu, na wewe katikati

Wengi mnaohamia huku mkitokea Ujerumani, Uholanzi au Uingereza mnadhani siasa za wazungu ni zilezile. Sizo. Anza na rangi tu. Ulaya nyekundu ni ya vyama vya wafanyakazi: Labour kwa Waingereza, SPD kwa Wajerumani. Marekani nyekundu ni Republican, chama cha mrengo wa kulia, na bluu ni Democrat. Mpangilio wenyewe ni wa karibuni, ulizoeleka kupitia televisheni wakati wa uchaguzi wa 2000. Kwa hiyo ile kofia nyekundu ya wafuasi wa Trump utakayoiona kwenye basi haihusiani kabisa na ujamaa wa Mwalimu.

Nilisoma Ujerumani kabla ya kuja Ohio. Kule pia watu wanagombana, tena sana. AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, kilishika nafasi ya pili uchaguzi wa Februari 2025, na suala la wakimbizi linatosha kununisha meza nzima ya chakula. Lakini chama kimoja kutawala peke yake ni nadra mno. CDU, chama cha kihafidhina, na SPD wanashambuliana kwenye kampeni, halafu wanaunda serikali pamoja: 2005, 2013, 2018, na tena 2025. Anayejua kwamba huenda kesho akahitaji kura za hasimu wake huweka akiba ya maneno.

Marekani akiba hiyo haina kazi. Vyama vyenye nguvu ni viwili, na katika majimbo 48 kati ya 50 anayeongoza hata kwa kura moja anazoa wajumbe wote wa jimbo hilo wa kumchagua rais. Hapa Ohio wajumbe hao ni 17. Watafiti waliolinganisha nchi 12 tajiri kwa kipindi cha miaka 40 walikuta chuki kati ya wafuasi wa vyama imepanda kwa kasi zaidi Marekani, huku Ujerumani, Sweden, Norway na Uingereza ikipungua.

Zamani haikuwa hivi. Mwaka 1960 Wamarekani waliulizwa kama wangekasirika mtoto wao akioa au kuolewa na mtu wa chama kingine. Waliosema ndiyo walikuwa kama 5 katika kila 100. Kufikia 2010 walikuwa karibu nusu ya Republican na theluthi ya Democrat. Katikati hapo mengi yalipita. Baada ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, wazungu wa Kusini walianza kuhama Democrat kidogokidogo, na vyama vikachujika: walokole wa kizungu na watu wa mashambani kwa Republican, watu wa mijini, Wamarekani weusi na wasio na dini kwa Democrat. Mwaka 1987 ikafutwa kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni kutoa pande zote za hoja, na vipindi vya redio vya kushambulia upande mmoja vikashamiri. Chaneli za habari za Fox News, inayoelemea Republican, na MSNBC (sasa MS NOW), inayoelemea Democrat, zote zilianza 1996. Leo ukijua kanisa la mtu, mtaa anaokaa na gari analoendesha, mara nyingi umeshaijua kura yake.

Wenzetu wa Kenya huniambia huo ni ukabila tu. Siafiki. Kenya miungano huvunjika na kuundwa upya: Ruto na Raila walikuwa chama kimoja 2007, mahasimu 2022, na Machi 2025 wakasaini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Wapiga kura wengi wakahama nao. Mmarekani hahami kirahisi hivyo. Viongozi wanapita, chama anabaki nacho mpaka uzeeni.

Ghalani nilikoanza kubeba boksi, runinga ya chumba cha mapumziko ilikuwa ikibadilishwa chaneli kila zamu ikibadilika, mpaka siku moja watu wakakaribia kushikana mashati. Msimamizi akaiweka kwenye chaneli ya mapishi na kuondoka na rimoti. Watu walewale wakakaa kwa amani wakibishana juu ya nyama ya kuchoma.

Ndiyo maana nawaambia: ugomvi ni mkubwa kuliko tofauti zenyewe. Ohio imempa Trump ushindi mara 3, lakini Novemba 2023 wapiga kura wake waliingiza haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo. Florida mwaka 2020, siku ileile waliyompa Trump kura, zaidi ya asilimia 60 walipitisha kima cha chini cha mshahara kupanda hadi dola 15 kwa saa, ajenda ya Democrat. Kwa hiyo ukiulizwa kazini unamuunga mkono nani, jibu kwamba wewe hupigi kura, kisha muulize kwao hali ikoje. Utasikia habari za kiwanda kilichofungwa na bili ya hospitali, na hizo zinasikika pande zote mbili.

Na hilo la kupiga kura lichukulie kwa uzito wote. Tangu sheria ya 1993, ofisi za leseni za udereva (Ohio tunaziita BMV) zinakuuliza kama unataka kujiandikisha kuwa mpiga kura. Kama bado hujawa raia, hata ukiwa na green card (kibali cha kuishi huku daima), jibu ni hapana. Kudai uraia usio wako kwenye fomu hiyo kunaweza kukurudisha nyumbani, na kusema karani ndiye aliyeweka tiki ni utetezi mgumu. Soma kila kisanduku kabla hujasaini, hata kama foleni nyuma yako inaguna.