Jaki inayopanda kwa kushtuka: pima msuguano kabla ya kununua pampu

Ndugu yangu wa Wete, umesema jaki ya mafuta ya mashine yako ya matofali inapanda kwa kushtukashtuka na fundi kakwambia ununue pampu mpya. Ngoja kwanza. Mie hapa Chake Chake nilinunua pampu kwa dalili hizo hizo, na jaki ikaendelea kushtuka vile vile.

Anza kwa kuujua msuguano. Usiutafute kwenye geji ya pampu, maana ile inasoma pamoja na presha inayopotea njiani kwenye hosi na vali. Funga geji mbili kwenye midomo ya jaki yenyewe, moja chini ya pistoni, moja upande wa fimbo (kile chuma kinachotoka na kuingia). Pandisha mzigo polepole kwa mwendo mmoja, andika. Teremsha kwa mwendo ule ule, andika. Ukipanda, mafuta yanabeba uzito na msuguano pamoja. Ukishuka, msuguano nao unaushikilia uzito, ndiyo geji ikasoma kidogo. Tofauti ya nguvu hizo ukiigawa kwa mbili unapata msuguano.

Silinda yangu ina kipenyo cha milimita 63, fimbo milimita 36. Kila baa moja (kipimo cha presha) chini ya pistoni ni nyutoni 312 (kipimo cha nguvu), upande wa fimbo 210. Kupanda nilisoma baa 40 chini na 3 upande wa fimbo; nguvu ya chini ukiitoa ile ya upande wa fimbo, zinabaki nyutoni 11,850. Kushuka, baa 22 na 2, yaani 6,444. Nusu ya tofauti ni 2,703. Ni kama kunyanyua kilo 275 za bure kila tofali, na kichwa chenyewe cha mashine, ndio mzigo wenyewe, hakifiki tani moja!

Nikauegemeza mzigo juu ya magogo (usithubutu kutoa pini bila ya magogo), nikachomoa pini inayoiunga jaki na mzigo, nikaendesha jaki tupu. Ikateleza kwa presha ndogo mno. Kumbe sili, ile mipira ya kuzuia mafuta, nzima. Ubaya uko kwenye nguzo za kuongozea kichwa kinapopanda na kushuka, vumbi la saruji limegandana na grisi kama plasta. Nikasafisha, nikabadilisha bushi zinazoteleza juu ya nguzo hizo, nikapima tena: baa 36 na 3 kupanda, 26 na 2 kushuka. Msuguano umeshuka hadi nyutoni 1,455, na kushtuka kukaisha.

Lakini usipime mwendo mmoja tu. Msuguano ni mkubwa kabisa pale jaki inapoanza kung'oka, hupungua ikishatembea, kisha hupanda tena kadiri kasi inavyozidi. Kule kupungua ndiko kunakozaa kushtuka, kwa hiyo mwendo wa polepole ndio utakaokuonesha ugonjwa. Pima kasi nne, na mafuta yawe yameshapata moto wa kazi, kwani asubuhi yakiwa mazito namba zitakuwa nyengine.

Fimbo nayo ipapase kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa na presha imetolewa. Chumvi ya pwani huitoboa kromu iliyoifunika fimbo vishimo vidogo, na vishimo hivyo hula sili.

Ukishapima, niandikie vipenyo viwili na namba za geji zote mbili kwa kila kasi, tuzipige hesabu pamoja.