Bahasha za usiku wa mwisho

Toleo lililopita nilidokeza kwa mstari mmoja tu kwamba kabla ya kushika kalamu nilikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli za kitalii kwa miaka 11. Nilidhani mtaniuliza habari za dhoruba. Wapi! Barua karibu zote zimeuliza pesa: apewe nani, kiasi gani, lini, na je, ni lazima? Basi safu ya leo yote ni ya bakshishi, na nitajibu kama mtu aliyezipokea. Kuzitoa ni fani ya wengine.

*Mjomba, shikamoo. Mimi na mume wangu tumelipia safari ya usiku saba kusherehekea miaka 25 ya ndoa. Kwenye karatasi ya malipo nimeona kuna "ada ya huduma", dola 18 kwa kila mtu kwa kila usiku. Nimepiga hesabu, kwa wawili ni dola 252! Mume wangu anasema tukishapanda melini tuombe ifutwe, halafu tuwape wahudumu wenyewe mkononi ili pesa isiishie ofisini. Unasemaje? – Mama wa Jubilei*

Marahaba, mama, na hongereni sana. Msiifute. Lakini mumeo kuna kitu amekinusa na hajakosea, kwa hiyo nivumilieni nieleze kidogo.

Nilipoanza kazi hapakuwa na ada hiyo kwenye bili. Palikuwa na bahasha. Safari ikikaribia kwisha nilikuwa nawawekea wageni juu ya kitanda bahasha nne zilizochapwa vyeo: mhudumu wa chumba, mhudumu wa meza, msaidizi wake, na msimamizi wa ukumbi wa chakula. Pamoja nazo, karatasi yenye viwango vilivyopendekezwa. Usiku wa mwisho sisi tuliuita usiku wa bahasha. Meza zilizojaa wiki nzima unazikuta tupu, wenyewe wamepanda juu kula bufee ambako hakuna mhudumu anayewajua kwa jina. Rafiki yangu wa ukumbini alikuwa akivihesabu viti vitupu kama mvuvi anayehesabu matundu ya wavu wake.

Lakini utaratibu wa kula ulikuwa umeshaanza kubadilika. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilianza kuwaachia wageni wale wanapotaka na saa wanayotaka, badala ya meza moja na mhudumu mmoja safari nzima. Wengine nao wakafuata, kila mmoja kwa namna yake. Sasa mgeni aliyehudumiwa na watu wanane tofauti ndani ya wiki ampe nani bahasha? Ndipo ada ya kila siku ikaingia. Kwenye kampuni kubwa zinazobeba Wamarekani wengi, huwa kati ya dola 16 na 20 hivi kwa mtu kwa usiku, na wanaolala vyumba vya kifahari hutozwa zaidi. Hizo 18 zako ni bei ya kawaida.

Hugawanywa kwa mhudumu wa chumba, watu wa ukumbini, na kwenye kampuni nyingi hufika pia kwa watu ambao hutawaona hata siku moja. Kuna kijana yuko chini kabisa ya meli, chumba hakina dirisha, kazi yake ni kukunja mashuka yanayotoka kwenye mashine yakiwa ya moto. Kuna mwingine anaosha masufuria hadi usiku wa manane. Mumeo akipita akigawa mkononi, hao atawakuta wapi?

Tena mshahara wetu wa msingi ulikuwa mdogo. Meli nyingi hizi zimesajiliwa Bahamas, Panama, Malta au Bermuda, na sheria ya kima cha chini ya nchi uliyopandia haimfuati mhudumu baharini. Sehemu kubwa ya nilichopeleka nyumbani kilitoka kwenye ada hiyo. Upo Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, nami nilikuwa kazini siku hiyo. Unasema baharia asipumzike chini ya saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki. Tulifurahi, mpaka mwenzetu mmoja mpenda hesabu akachukua saa 168 za wiki akatoa 77. Zikabaki 91.

Sasa hilo la "mkononi". Kwenye meli yangu ya mwisho, mgeni akienda mapokezi kufuta ada, namba ya chumba chake ilifika kwa msimamizi wetu siku hiyohiyo. Kanuni ilikuwa hivi: kama mgeni ameiacha ada, chochote atakachonipa mkononi ni changu. Kama ameifuta, alichonipa ni cha mfuko wa wote na lazima nikipeleke. Si kampuni zote zina kanuni hiyo, ila zipo zaidi ya moja. Namkumbuka mzee mmoja mpole, alifuta ada yake na ya mkewe, akanisubiri mlangoni asubuhi ya kushuka, akanifumbatisha dola 100 na kuninong'oneza, "Hizi ni zako peke yako, wasikudhulumu." Alikuwa na machozi, maskini. Nikamshukuru kwa moyo wote, nikateremka ngazi, nikaziandikisha. Hajui mpaka leo.

Nilisema mumeo amenusa kitu. Ni kwamba kampuni inamtwisha mgeni mzigo wa mshahara, kisha inauita shukrani. Hilo nimelilalamikia miaka yote 11 na sijanyamaza. Ila ukifuta ada, atakayeumia ni yule wa mashuka. Kampuni haitahisi chochote. Mahali pa kulimaliza ni siku ya kununua tiketi. Zipo kampuni ambazo bakshishi imo ndani ya nauli: Regent Seven Seas, Silversea na Seabourn, ingawa nauli zenyewe zitakuondoa usingizi. Kwa Waingereza, P&O Cruises iliondoa ada hiyo ya pembeni mwaka 2019, na Marella nao hawatozi. Kwa safari yenu hii mliyokwisha kulipia, hesabuni ile 252 kuwa ni nauli. Mkiweza ilipeni kabla ya kupanda, maana ikipanda bei baadaye haitawahusu.

Na huduma ikiwa mbovu kweli? Nendeni mapokezi siku ya pili, chumba kikiwa bado kinaweza kurekebishwa. Wale wanaopanga foleni asubuhi ya kushuka, begi mkononi, kudai kwamba taulo zilikuwa chache siku ya Jumanne, sisi tuliwajua.

*Kaka, ukiacha ada ya lazima, nataka kumpa mhudumu wa chumba kitu cha ziada. Kiasi gani, na nimpe mwanzo au mwisho? Rafiki yangu anasema ukimpa mwanzo atakuhudumia kama mfalme. – Mwenye Haraka*

Nilikuwa na vyumba 18, na kila kimoja nilikiingia mara mbili, asubuhi na jioni. Siku ya kupokea wageni wapya, wa zamani wanashuka asubuhi na wengine wanapanda mchana, kwa hiyo kwa saa chache hizo vyumba vyote 18 lazima vivuliwe na kuvikwa upya. Siku hiyo ukinifuata korido na noti ya dola 20 ukaniambia unapenda barafu jioni na mto mgumu, nitakukumbuka. Sidanganyi. Lakini ungeniambia kuhusu barafu bila noti ningeileta vilevile.

Kilichoniudhi ni mwanzo wa aina nyingine. Mgeni mmoja alichana noti ya dola 100 mbele yangu, akanipa kipande. "Kingine utakipata mwisho, ukinifurahisha." Nikatabasamu, ndiyo kazi. Nilikikunja kile kipande ndani ya kitabu cha sala na sikukitazama tena hadi siku ya mwisho. Alinipa nusu ya pili, ni kweli, lakini kwa siku zote zile hakuniita jina hata mara moja. Usifanye hivyo kwa mtu mzima.

Kwa chumba cha watu wawili kwa wiki moja, dola 20 mpaka 40 juu ya ada ni ukarimu wa kutosha. Kama mna watoto wanaomwaga mchanga kitandani, au mlimwomba apange vitanda upya kila siku, ongezeni. Mpe noti. Sarafu za nchi tulizopitia zilinijaa kwenye kopo la biskuti, maana hazibadilishwi popote. Nusu ya lile kopo ninayo hadi sasa.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: ukiacha pesa mezani bila maandishi, mhudumu mwenye akili hazigusi. Tulifundishwa kuzihesabu kuwa mali iliyosahauliwa, na nilishaona mtu anapoteza kazi kwa ajili ya noti iliyokuwa chini ya glasi. Mpe mkononi, au andika jina lake kwenye kipande cha karatasi na neno "asante". Hapo amesalimika.

*Kila nikiagiza kinywaji naletewa risiti ya kusaini. Chini kuna nafasi tupu ya kujaza bakshishi. Nikiacha wazi naona aibu, mhudumu amesimama pale pale. – Mnywa Soda*

Soma risiti kuanzia juu, ndugu yangu. Karibu kila kampuni inayotoza ada ya kila siku imeshaongeza asilimia 18 kwenye kinywaji chako, nyingine 20. Ile nafasi tupu ni bakshishi juu ya bakshishi. Piga mstari, saini, rudisha kalamu. Kama umenunua kifurushi cha vinywaji, asilimia hiyo kwa kawaida ulishailipa pamoja na kifurushi. Yule kijana amesimama anangoja kalamu yake. Kalamu zetu zilikuwa zinapotea sana.

*Je, nahodha anapewa? Na wanaofanya masaji, walezi wa watoto, wabeba mizigo bandarini, na waongozaji wa matembezi ya nchi kavu? – Mwenye Orodha*

Nahodha hapewi kamwe, wala afisa yeyote mwenye mistari begani. Msalimie, piga naye picha, basi. Kuna mama mmoja alijaribu kumtia nahodha bahasha mfukoni kwenye tafrija ya kukaribishana. Nahodha alisogea nyuma kana kwamba ameoneshwa nyoka.

Kwenye masaji angalia risiti kabla ya kutoa, kwani huwa wameshaongeza asilimia. Walezi wa watoto hawamo kwenye mgao wa ada katika kampuni nyingi, na kwa kuwa wanashinda na wanao kutwa nzima, mimi ningewakumbuka. Wabeba mizigo wa bandarini si watu wa meli. Kwenye bandari za Marekani wamezoea dola 1 au 2 kwa begi. Waongozaji wa nchi kavu na madereva wao nao hawapati hata senti ya ile ada, kwa hiyo beba noti ndogo unaposhuka. Anayekuletea chakula chumbani usiku, dola 2 au 3 zinamtosha.

*Mjomba, mimi safari hii nimelipiwa na binti yangu. Ada ameshalipa, lakini za kutoa ziada sina. Nitaonekana bahili mbele ya huyo kijana wa chumbani? – Bibi wa Wajukuu Sita*

Shikamoo, bibi. Hutaonekana. Ada ikishalipwa umemaliza, hudaiwi. Waliosema "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" hawakupata kufanya kazi melini. Sisi tulikuwa na wageni wa siku 14 na jembe hatukuliona, na tuliwakunjia taulo umbo la tembo kila jioni, mwenye noti na asiye nayo.

Lakini kipo unachoweza kumpa ambacho kwa wengine wetu kilizidi dola 20. Mwisho wa safari utaletewa dodoso, siku hizi mara nyingi kwa barua pepe. Binti yako akusaidie kulijaza. Humo kuna mahali pa kumtaja aliyekuhudumia vizuri. Msimamizi wetu alikuwa akisoma majina hayo kwenye kikao cha asubuhi, tumesimama kwenye mstari na macho mekundu, na majina hayo yaliwekwa kwenye faili. Unapofika wakati wa kuongezewa mkataba, wa miezi sita, minane au tisa mingine, au kupandishwa cheo, lile faili hufunguliwa. Mimi nilipewa vyumba vya sitaha ya juu kwa sababu wageni watatu wa safari moja walinitaja. Nusura nivikose, kwa kuwa wawili kati yao walikuwa wameandika jina la mtu asiyekuwepo melini, msimamizi akaanza kumtafuta.

Kwa hiyo, bibi, siku ya kwanza akija kujitambulisha, mwambie asogee karibu, vaa miwani, na unakili jina lake herufi kwa herufi kutoka kwenye beji.