Nilikuwa nacheza, wenzangu wako chini ya kifusi

Barua ya wiki hii nimeisoma mara tatu nikaiweka nikairudia tena. Amejiita Binti wa Mbagala, nimeifupisha kidogo:

"Shikamoo Anti. Nina miaka 23, nauza kava za simu na chaja kwenye fremu ya bosi wangu Kariakoo, mtaa wa pili tu kutoka lile ghorofa lililoanguka Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024. Siku hiyo sikwenda kazini, nilikuwa nimeomba ruhusa, tulikuwa Kibaha kwenye sendofu ya binamu yangu. Kwa kawaida Jumamosi asubuhi huwa natumwa kuchukua mzigo maduka ya pale pale. Asubuhi tukasikia jengo limeshuka, nikapiga simu kwa wenzangu wawili watatu nikaambiwa wako salama basi tukaendelea na vitumbua. Usiku nikacheza, nikajirekodi, nikaweka stetasi. Saa tano usiku dada mmoja wa fremu ya jirani akanijibu, wenzako wako chini ya kifusi we unakata mauno. Nikafuta hapohapo. Tangu siku hiyo silali vizuri, naangalia video za uokoaji mpaka bando linaisha. Nyumbani Jumapili huwa tunacheza karata na baba na wadogo zangu, anayefungwa anavikwa kanga ya mama kichwani anatumwa dukani hivohivo, mi ndo nilikuwa mchekeshaji wao, sasa hivi wakicheka natoka nje. Na kaka yangu anaoa Desemba hii, niko kwenye mameidi. Nijitoe?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na kitu umekipita haraka kwenye barua kama mtu anayeruka dimbwi, umesema kwa kawaida Jumamosi asubuhi huwa unatumwa mzigo maduka ya pale pale, halafu ukaenda moja kwa moja kwenye vitumbua. Mi nimebaki hapo kwenye dimbwi. Yani stetasi ni kitu umekishika kwa sababu kinashikika, lakini kinachokuamsha usiku nadhani ni hicho kingine, kwamba sendofu ndo ilikutoa pale, ngoma na vitumbua vya Kibaha vimekuweka hai na kuna wenzako hawakuwa na sendofu siku hiyo. Sasa kila ukisikia kicheko nyumbani ni kama unadaiwa. Hudaiwi mwanangu. Hukuchagua, hukujua, hukumtuma mtu aende badala yako, hata bosi wako angekutuma Jumatatu au Alhamisi usingejua.

Kuhusu stetasi yenyewe nitasema ukweli coz ndo umeniandikia, haikuwa busara. Kucheza hukukosea hata kidogo, binamu yako anaagwa mara moja, ulitaka ukae kwenye kiti umenuna watu waulize una nini? Ila kuweka mbele ya macho ya watu ambao mchana kutwa wamesimama Kariakoo kwenye vumbi wanasubiri majina, hapo ungesubiri kesho kutwa. Ni kosa dogo, kosa la adabu, na umeshalifuta. Usilikuze likawa dhambi.

Halafu nani amewaambia nyie vijana kwamba msiba na kicheko havikai nyumba moja? Muulize bibi yako kuhusu watani. Mzaramo akifa Mnyamwezi mtani wake anakuja msibani kama mwenye nyumba, anamuigiza marehemu anavyotembea, anazuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, mjane mwenyewe anajikuta anacheka machozi hayajakauka, na hakuna wa kumwambia mtani hana adabu maana ile ndo kazi yake, ameitiwa hiyo. Na matanga yana siku yanawekwa na siku yanaanuliwa. Kwa Waislamu mtu anaomboleza siku tatu, mjane ndo anakaa eda miezi minne na siku kumi, baada ya hapo anatoka. Wazee waliiwekea huzuni mlango wa kuingia na wa kutokea. Hiyo simu yako haina mtu wa kuanua matanga, ndo shida yake, leo Kariakoo kesho basi limegonga lori keshokutwa mafuriko, we umekaa matanga peke yako kitandani saa nane usiku hakuna wa kukuletea hata chai.

Ngoja nikusimulie ya kwangu. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 19, tunaishi Kirumba, Mwanza. Jumanne ya tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ikazama Ziwa Victoria, imetoka Bukoba imepita Kemondo imebakiza kidogo tu ifike. Mamia ya watu. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo, kina baba wakawa wanaenda na kurudi, wengi walizikwa kule Igoma, mji mzima ulinuka majonzi. Sasa sisi habari tulikuwa tunapata kwenye redio ya baba, taarifa ya saa mbili usiku, ikiisha anazima kwa sababu betri zenyewe tulikuwa tunazianika juani zipate nguvu kidogo. Akizima mnabaki nyie na majirani zenu. Jirani yetu mmoja mama wa Kihaya alipoteza kaka yake mle. Siku ya tano tuko uani tunamenya ndizi za msiba yeye mwenyewe akaanza kutusimulia, kumbe huyo kaka aliwahi kupanda meli hiyohiyo na jogoo kamficha ndani ya koti asilipie mzigo, wamefika katikati ya ziwa usiku watu wamelala jogoo akawika. Mwanangu yule mama alicheka mpaka akaweka kisu chini, na kicheko kikageuka kilio hapohapo njiani, tukamshika. Baadae akachukua kisu akaendelea kumenya. Hakuna aliyemwambia kaka yako yuko majini we unacheka.

Sasa cha kufanya. Huyo dada wa fremu ya jirani usimwandikie meseji, na tafadhali usimtumie sauti ya dakika nne ya kujieleza. Nenda kwake. Funga kanga, beba kilo mbili za sukari au chochote ulichonacho, ukae. Usianze na kujitetea, muulize tu, we siku ile ulikuwa wapi? Halafu nyamaza asimulie. Nahisi ile meseji hakukuandikia wewe, aliiandika kwa sababu ni saa tano usiku, ametoka kusimama pale tangu asubuhi na wewe ndo ulikuwa wa kwanza kumtokea kwenye simu. Inawezekana amepoteza mtu na hujui. Kama kuna mchango wa rambirambi pale mtaani na hujatoa, toa, hata elfu tano, mkono ukifanya kitu kichwa kinapumzika.

Video acha. Sisemi usijue habari, we unafanya kazi majengo hayohayo, una haki ya kujua wakaguzi wanasema nini, na ukiona nguzo ya jengo lenu ina ufa au watu wanachimba chini wakati nyie mnauza juu, sema kwa bosi na kwa serikali ya mtaa, usione aibu. Lakini kumtazama mtu yuleyule anatolewa kifusini mara ya thelathini hakumtoi haraka zaidi. Sikiliza taarifa mara moja jioni, kisha simu mpe mdogo wako mwenye roho ngumu akufichie mpaka asubuhi.

Na usingizi ukikataa kabisa, au ukienda Kariakoo miguu inatetemeka, chakula hakipiti, usikae nacho miezi. Nenda hospitali waambie hivohivo ulivyoniandikia, Muhimbili kuna idara nzima ya afya ya akili na hata hospitali za mikoa wapo wanaosikiliza, sio lazima uwe unaokota makopo ndo uende. Mama yako akisema ni upepo mbaya mwambie sawa mama nasali na hospitali naenda.

Karata, rudi kwenye mkeka Jumapili hii. Sikwambii uchekeshe watu, cheza tu, ukifungwa vaa kanga nenda dukani. Ukijisikia kulia lia hapohapo mkekani baba yako akuone, maana nina wasiwasi hujawaambia. Wanajua umenuna, hawajui kwamba asubuhi ile ungekuwa pale. Waambie mwanangu, baba akijua hilo nina uhakika atakuacha ushinde hata michezo miwili.

Harusi usijitoe, kaka hana dada wa akiba. Cheza ukumbini mpaka viatu viume, na simu iachie kwenye mkoba wa mama. Ila gauni, umeniambia kwenye kile kipande nilichokifupisha kwamba wifi kachagua rangi ya chungwa iliyoiva na mabega wazi kwa mameidi wote wanane. Hilo kaongee na wifi mapema kabla fundi hajakata kitambaa.