Vidole vya Kaisari: kwa nyinyi mnaoanza kuongoza mahujaji

Jana pale Braccio Nuovo, ukumbi wa sanamu kwenye makumbusho ya Vatikani, nimemsikia tena kijana wetu mmoja akiwaambia mahujaji kuwa Warumi walipenda sanamu nyeupe. Nikanyamaza, maana kikundi si changu. Leo sinyamazi.

1. Augusto wa Prima Porta, ile sanamu ya marumaru ya Kaisari wa kwanza wa Roma, alipakwa rangi. Alipofukuliwa mwaka 1863 kwenye nyumba ya mkewe Livia, mabaki ya rangi yalikuwa bado yanaonekana.

2. Kagueni betri za vifaa vya masikioni kabla ya foleni.

3. Anzeni na Luka 2, ile amri ya huyu Augusto ya kuandikisha watu. Ukianza na Polykleitos, mchongaji wa Kigiriki ambaye sanamu hii inaiga mtindo wake, umewapoteza mlangoni.

4. Usihubiri usichokisoma. Hapa naungama. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na hotuba nzima juu ya ule mkono wa kulia ulioinuliwa. Kidole hiki, nikasema, kinaamuru majeshi. Hiki kimekunjwa, ndiyo huruma ya mtawala. Watu wakaitikia "ehee", nami nikanogewa. Dakika kumi, vidole tu! Nyuma alisimama sista mmoja mzee, mkoba kifuani. Akaningoja nimalize, akauliza taratibu: "Mwanangu, hivyo vidole si vya kuungwa?" Nikacheka. Nikamjibu, sista, hii ni kazi ya miaka elfu mbili. Hakubisha. Usiku nikafungua kitabu, jasho likanitoka: vidole vingi vya mkono ule ni vya Pietro Tenerani, mchongaji wa karne ya 19 aliyeikarabati sanamu. Huruma yote ile ya mtawala ilikuwa ya fundi! Asubuhi kwenye basi nikashika kipaza sauti, nikakiri. Sista akanipa ndizi.

5. Penye hadithi ni kifuani, kwenye michoro ya deraya. Mparthi, mtu wa dola adui wa Roma huko Uajemi, anarudisha bendera ya jeshi la Roma. Jenerali Mrumi Crassus alizipoteza bendera hizo vitani mwaka 53 KK, Augusto akazirudisha mwaka 20 KK kwa mazungumzo, kisha akachongwa kama aliyeshinda vita. Na uso? Alikufa mwaka 14 akikaribia miaka 76, ila kwenye marumaru hazeeki. Waambieni ni bango la kampeni, wataelewa papo hapo.

6. Mtoto aliye mguuni ni Kupido, mwana wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, ambaye ukoo wa Kaisari ulidai kuwa ni bibi yao. Juzi mmoja wenu kasema ni malaika. Malaika kapanda pomboo, jamani?