Usivute waya kutoka tundu la spika kwenda kwenye miksa, hata ukishusha volyumu

Mkuu, kama ushachomeka, zima kwanza, kisha chomoa, halafu endelea kusoma.

Umeandika kwamba Jumamosi mna shoo, umenunua amplifaya ya gitaa ya ukubwa wa pedali, hutabeba spika, na kwa kuwa kifaa kina tundu moja tu la kutolea sauti, "nitavuta waya kutoka SPEAKER OUT niingize kwenye miksa, volyumu nitaishusha chini kabisa." Baadaye ukauliza wati ngapi zinatosha mbele ya mpiga dramu, utumie adapta gani, na kama kifaa hichohicho kitafaa kurekodia. La wati tutalifikia. Hiyo sentensi ya waya nimeisoma tumbo likanikata, maana ni sentensi yangu mwenyewe. Nilimwambia hivyohivyo fundi wetu wa sauti, na nikamwapia kwamba nimeshaijaribu nyumbani.

Na kweli nilikuwa nimeijaribu. Wiki mbili nzima nilitoa waya kwenye tundu la spika nikaingiza kwenye kadi ya sauti ya kompyuta. Sauti ilikuwa kali, nyembamba, lakini ilitoka na hakuna kilichoungua. Hicho ndicho kilichonimaliza. Kingeungua siku ya kwanza mezani kwangu, ningepoteza changu peke yangu.

Siku ya shoo nikapanga vilevile. Gitaa, pedali tatu, ya mwisho ni ya mwangwi yenye matundu mawili ya kutolea. Tundu la kwanza likaenda kwenye amplifaya, na amplifaya kwa waya wa spika ikaenda kwenye miksa. Wimbo wa kwanza ukapita salama. Kabla ya wa pili nikaona mwangwi utapendeza ukisikika pande zote mbili, nikampa fundi waya mwingine kutoka tundu la pili la ile pedali auchomeke kwenye chaneli iliyokuwa wazi. Alipousukuma ndani nikasikia "tak" moja kavu, kisha mngurumo ambao hata mpiga besi aligeuka kuutazama. Sekunde chache baadaye harufu ikaanza kutoka miguuni kwangu, ile ya plastiki na shaba ya moto. Nikainama kuchomoa adapta, kifuniko cha amplifaya hakishikiki kwa joto. Chaneli ya kwanza ya miksa ilikufa palepale, ya pili ikabaki inakwaruza. Na miksa haikuwa ya bendi, tuliazima.

Anayetaka kucheka acheke, mimi nilishalia.

Sasa sikiliza kilichotokea, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganywa. Amplifaya nyingi za ukubwa huu ni za klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto), na nyingi zimejengwa kwa mtindo wa daraja. Maana yake ni kwamba tundu la spika halina upande wa athi, yaani ule upande wa sifuri ambao vifaa hushirikiana. Kwenye waya wa kawaida wa gitaa, ncha ya jeki inabeba sauti na shina lake ni athi. Kwenye daraja, ncha na shina zote mbili zinasukumwa na transista, moja ikipanda nyingine inashuka, na spika imekaa katikati yao. Kama adapta ni ya volti 24, basi hata usipopiga noti moja, kila upande unakaa kwenye volti zipatazo 12 ukilinganisha na athi ya kifaa. Spika haihisi kitu, maana pande zote mbili ziko sawa. Lakini miksa inalishika lile shina na kuliunganisha na athi yake. Umechukua volti 12 zenye nguvu ya kuendesha spika ukazilaza kwenye athi. Hiyo ni shoti.

Nyumbani haikuungua kwa sababu adapta yangu ilikuwa ya pini mbili isiyo na athi, kompyuta ilikuwa kwenye betri, na waya uliounganisha vifaa hivyo ulikuwa mmoja tu. Umeme haukuwa na njia ya kurudi. Ule waya wa pili wa mwangwi ndio ulioileta njia: athi ya pedali ni athi ya amplifaya, na kwa kuuchomeka kwenye miksa nilifunga mzunguko kwa mkono wa fundi, maskini, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo ukiniambia "nitashusha volyumu" unanitia uchungu, mkuu. Volyumu inashusha muziki. Volti zilizosimama pale haizigusi, hata ukiizungusha hadi sifuri.

Fundi wa vifaa alipoifungua aliniwekea bodi chini ya taa. Chipu ya kusukuma spika ilikuwa na ufa katikati, na pembeni yake bodi imegeuka kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Kwenye miksa, ule mstari mwembamba wa shaba unaotoka kwenye tundu la chaneli ulikuwa umebanduka na kujikunja. Halafu akatoa amplifaya nyingine ya aina ileile, nzima, akaiwasha bila gitaa wala spika, akaweka mita kwenye volti za DC. Waya mweusi kwenye shina la tundu la kuingilia, mwekundu kwenye shina la tundu la spika. Mita ikasoma kumi na mbili na kidogo. Kimya kabisa, hakuna sauti yoyote, na kumi na mbili ziko pale. Nilikaa nikiitazama ile namba muda mrefu.

Ukiwa na mita, unaweza kupima hivyo kwako, kwa mkono uliotulia ili usiguse ncha na shina kwa pamoja. Ila ukipata sifuri usishangilie, maana bado kuna ukubwa wa sauti yenyewe. Chukua amplifaya ndogo ya Vox MV50, kwa kuwa namba zake zinaeleweka kirahisi (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika): wati 50 kwenye omu 4, 25 kwenye omu 8, 12.5 kwenye omu 16. Zidisha wati kwa omu, kote unapata 200, na kipeuo cha pili cha 200 ni kama 14. Yaani ikisukumwa hadi mwisho inatoa volti 14. Tundu la laini la vifaa vya studio, lile la kupokea sauti kutoka kifaa kingine, limezoea volti 1.2 hivi, na la maiki ni milivolti chache tu, yaani sehemu chache za elfu za volti moja. Kidole kikiteleza kwenye volyumu, umeshamwaga ndoo kwenye kijiko. (MV50 yenyewe ina tundu tofauti la hedfoni na laini, kwa hiyo mwenye nayo hana sababu ya kuligusa la spika. Yangu haikuwa hiyo, na jina la yangu silitaji kwa sababu kosa halikuwa la kifaa.)

Kosa lilikuwa langu, sawa, lakini sikulizua mwenyewe. Kuna bwana ana video, nyuma yake gitaa zimejaa ukuta mzima, anasema kwa uhakika wote kwamba tundu la kutolea ni tundu la kutolea, kinachoamua ni volyumu. Nilimwamini kwa sababu ya ule ukuta. Nimemwandikia mara tatu nikamweleza yaliyonipata, maoni yangu yakafutwa na video bado ipo. Watu wanaendelea kumshukuru pale chini, na kila nikiwaona nahesabu miksa. Muuzaji naye nilimuuliza kabisa, ana kwa ana, "hii inaingia kwenye miksa?" Akajibu "inaingia kote." Hakuifungua hata boksi. Ndani mlikuwa na kijitabu, ukurasa wa nne, mchoro wa tundu la spika na alama ya mkato juu ya waya wa kwenda kwenye miksa. Mchoro mdogo kuliko kucha. Angeufungua ukurasa huo tu, mimi nisingeuza pedali mbili kulipia chaneli za watu.

Najua atatokea mtu hapa chini aseme tumia DI boksi (kisanduku cha kuingiza sauti ya ala kwenye miksa) yenye kitufe cha kupokea mawimbi ya spika. Zipo, na zenye transfoma ukikata athi zinatenganisha kweli. Lakini yule anayechomeka kwenye giza, akaacha kile kitufe cha athi upande usiofaa, au akaunganisha tundu la pili la hiyo boksi kwenye kifaa kingine, amerudi palepale nilipokuwa mimi. Kama kijitabu cha amplifaya yako hakiruhusu kwa maandishi, usifanye. Tundu la spika ni la spika. Liende kwenye kabineti, yaani boksi la spika, kwa waya wa spika, si ule wa gitaa ingawa jeki zinafanana, na omu zisishuke chini ya zilizoandikwa. Kabineti mbili za omu 8 sambamba zinakuwa 4, mbili za omu 4 zinakuwa 2, na hizo 2 amplifaya nyingi za namna hii hazizitaki.

Halafu jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nikaligundua nimeshachelewa: wewe usiyebeba spika huhitaji wati hata moja. Wati ni za kusukuma koni ya spika. Unachohitaji ni kifaa cha kutengeneza sauti ya amplifaya na ya kabineti, kisha kuitoa kwa kiwango cha laini. SansAmp ya Tech 21 imekuwa ikifanya kazi ya namna hiyo tangu 1989, na Strymon Iridium ya 2019 ndiyo kazi yake hasa, ndani yake haina nguvu ya kuendesha spika kabisa. Na hilo la kabineti usilidharau. Spika ya gitaa huanza kufa juu ya kilohezi 5 hivi, na kufa huko ndiko kunakolainisha distoshen, ule mkwaruzo wa gitaa. Ukiipeleka sauti kwenye miksa bila kitu cha kuiga kabineti utasikia nilichosikia mimi wiki zile mbili, nyuki ndani ya kopo. Nilidhani ni kadi yangu ya sauti mbovu.

Ukishindwa vyote, azima kabineti yoyote ya gitaa yenye omu zinazokubalika, chomeka amplifaya yako humo, weka maiki mbele ya koni kidogo pembeni mwa katikati. Miksa inapokea maiki, na hakuna kitakachoungua.

Leo hii piga picha nyuma ya kifaa chako, karibu kabisa na tundu, yale maandishi madogo yasomeke, na ukurasa wa kijitabu wenye mchoro wa kuunganisha. Zitume hapa tuzione kabla ya Jumamosi. Na huo waya uliouandaa kwa ajili ya miksa utoe kwenye begi usiku huu, usije ukamkabidhi mtu pale jukwaani kwa mazoea.